Harusi ya watu 100, mfuko mwembamba

Dada, umeuliza harusi ya watu 100 hapa Bukavu ianzie wapi kama pesa ni kidogo. Anzia jikoni, sale (ukumbi) itafuata. Mchele kilo 12, sombe (majani ya muhogo), maharage, na sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu) za kukaanga kidogo tu. Kilo zote 12 zisiingie sufuria moja: wali wa chini utaungua, wa juu utabaki na kiini. Gawa mara mbili, weka makala (makaa ya moto) juu ya kifuniko pia. Sahani ziwe 120, maana mwalikwa haji peke yake. Mkiweza, komine (ndoa ya serikali) na kanisa viwe siku moja, gari mlikodi mara moja. Julai mvua ni nadra, uwanja wa nyumbani unatosha bila hema. Gauni kodi. Kwenye kugawa chakula msimamisheni shangazi mkali. Vijana hujazia marafiki zao.