Barua kwa mwanangu: kwa nini wenye familia wanataka gari kubwa ya haibridi

Mwanangu,

Meseji yako nimeiona, unauliza kwa nini wenye familia siku hizi wanakimbilia gari kubwa ya haibridi wakati ya kawaida ya saizi hiyohiyo inapatikana kwa bei ya chini, na kama na nyie muingie huko maana mtoto wa tatu yuko njiani. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu ni hela nyingi hiyo, na humo ndani watapanda wajukuu wangu.

Angalia kwanza gari ya familia inafanya kazi gani kutwa nzima. Shule, kazini, dukani, kliniki, kurudi kuchukua watoto, yaani safari fupifupi, unaenda unasimama, foleni, taa, matuta, na gari imejaa watu na mizigo. Hapo ndo gari kubwa ya kawaida inapokunywa mafuta vibaya sana, kwa sababu kila ukiondoka injini inavuta uzito wote ule upya, halafu hujaenda mbali unakanyaga breki na ile nguvu yote uliyoilipia inageuka joto kwenye pedi, imepotea. Ukikwama kwenye foleni injini inaunguruma tu na mafuta yanaisha mmekaa palepale.

Haibridi, yaani gari yenye injini ya mafuta na mota ya umeme pamoja, imetengenezwa kwa shida hiyohiyo. Ukiachia mafuta au ukikanyaga breki polepole, mota ya umeme inageuka kuwa jenereta na kurudisha sehemu ya ile nguvu kwenye betri, ukiondoka tena mota ndo inakusukuma mwanzoni, injini inaingia baadaye, ukisimama injini mara nyingi inajizima yenyewe. Sasa fikiria, gari ikiwa nzito na ikisimama mara nyingi, cha kuokoa kinakuwa kikubwa zaidi. Ndo maana huwa nawabishia wanaosema haibridi ni ya vigari vidogo tu, mimi naona gari ya watu saba ndo inaihitaji zaidi! Pedi za breki nazo kawaida zinadumu zaidi maana mota inazipunguzia kazi. Na nyingi za kisasa AC yake inaendeshwa na umeme wa betri kubwa, kwa hiyo kwenye foleni watoto hawapikwi na joto hata injini ikiwa imezima. Wala huhitaji kuichomeka ukutani, labda ununue ile aina ya kuchaji, ambayo ni habari nyingine.

Usidhani pia ni kitu cha kujaribiwa kwenu. Prius ya kwanza, haibridi ya Toyota, iliingia sokoni Japani mwaka 1997, na 2001 Toyota hao hao wakatoa Estima ya haibridi, gari ya familia kabisa. Tatizo la zamani lilikuwa betri, kwenye magari mengi ilikaa nyuma ya siti ikala nafasi ya buti, sasa baba mwenye watoto unamuuzia nini hapo. Wakaanza kuihamisha, mfano Prius Alpha ya 2011 ile ya siti saba betri yake iko katikati ya siti mbili za mbele ili nyuma pabaki pa watu. Kufika Sienna ya mwaka 2021, gari nyingine ya familia ya Toyota, inauzwa haibridi peke yake, ya injini tupu haipo tena. Kwa hiyo kile watu walichokuwa wanachagua zamani, ama nafasi ama mafuta kidogo, siku hizi wanapata vyote kwenye gari moja, na kwa maoni yangu hiyo ndo sababu kubwa kuliko zote.

Ila kama safari zenu nyingi ni barabara kuu, mwendo mmoja masaa na masaa, faida inapungua sana, kwa sababu breki hugusi na mota haina cha kurudisha. Hapo pigeni hesabu upya, msinunue jina.

Sasa hili sikiliza vizuri maana linawahusu wenye watoto kabisa. Betri kubwa inapozwa kwa feni, na kwenye haibridi nyingi tundu la kuvuta hewa liko ubavuni mwa siti ya nyuma au chini yake, palepale watoto wanapomwaga biskuti na kutupa blanketi. Likiziba betri inapata joto, na joto ndo linaua betri. Kwa hiyo muulize muuzaji tundu liko wapi, kama lina chujio liwe linasafishwa, na begi lisikae hapo. Zile nyaya za rangi ya chungwa zinazopitisha umeme mkubwa usiguse wala usimruhusu fundi wa kubahatisha, betri ya Prius ya zamani tu ina zaidi ya volti 200.

Lingine ni ukimya wake. Ikitembelea umeme taratibu haisikiki vizuri, na watoto wanacheza nyuma ya gari, kwa hiyo kabla ya kurudi nyuma hakikisheni kila mtoto yuko wapi, msitegemee kamera peke yake. Na mkifika nyumbani izimeni kabisa, taa ya READY kwenye dashibodi, inayoonyesha gari iko tayari kuondoka, isibaki inawaka, maana unaweza kudhani imezima kumbe betri ikishuka injini inajiwasha yenyewe, na kama iko kwenye banda lililofungwa moshi wake unaua.

Kuhusu nafasi, usiamini picha. Nendeni na siti za watoto zenu zote mzifunge, ile ya kichanga inayotazama nyuma inakula nafasi mpaka siti ya mbele inabidi isogezwe, kisha mkeo akae mbele muone kama magoti yanatosha. Wewe kaa siti ya mwisho kabisa mlango ukiwa umefungwa. Na buti liangalieni siti zote zikiwa zimesimamishwa, sio zikiwa zimelazwa kama wauzaji wanavyopenda kuonyesha.

Kama ni iliyotumika, fundi wa haibridi aipime betri kwa kompyuta kabla hujatoa hata shilingi, block moja moja, yaani kila kipande cha betri peke yake, sio kuangalia tu kama inawaka. Majibu yakitoka nitumie, tuyaangalie pamoja na baba yako.

Mama yako