Kabla Hujaazima Sufuria: Kwa Wadogo Zangu Mlioshuka Mexico Agosti Hii

Jumanne usiku mdogo wetu mmoja kaandika kwenye grupu letu la wanafunzi tulio Mexico: "Wakubwa shikamooni. Mama mwenye nyumba kasema Jumamosi wanamfanyia sherehe mjukuu wake kwangu, watu kama ishirini. Chumba chenyewe mnakijua. Nani ana sufuria kubwa?"

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Halafu nikaacha kucheka, maana sufuria anayoitafuta ninayo mimi, na sababu ya kuinunua nimeificha tangu 2022. Naona sasa lazima niseme, maana kila Agosti wanashuka wapya na kila Agosti makosa ni yaleyale, kana kwamba mnayakabidhiana kwenye uwanja wa ndege.

1. Karatasi. Hili mmeshaambiwa, hamsikii. Visa iliyobandikwa kwenye pasi si kibali cha kuishi. Ukiingia una siku 30 za kuanza canje, yaani kuibadilisha visa iwe kadi ya mkazi, na pale dirishani usibanduke kabla hujaona kwa macho yako kwamba afisa kaandika 30 wala si 180. Ukitoka nje na 180 umekuwa mtalii, na mtalii hana kadi, hana CURP, ile namba ya usajili wa mkazi, anabaki kulia kwenye grupu.

2. Ahorita. Kamusi inawaambia ni "sasa hivi", nanyi mnaamini. Hivi mtu wa Tanga akikwambia kwenye simu "nipo njiani, sasa hivi nafika", huwa unaweka chai mezani? Mmoja wenu kakaa ndani siku mbili akimngoja fundi bomba, hakwenda darasani, hakuoga. Mtu akisema "ahorita" huku kashika ufunguo, anakuja. Akisema huku amekaa, wewe kapike, ule, ulale.

3. Salamu. Hapa ndipo mnaponitia aibu. Mtu wa pwani, aliyejua shikamoo kabla hajajua kutembea, anaingia kwenye lifti na hedifoni masikioni kama kaingia kabatini! Huku unaingia na "buenos días" yako, lifti, kliniki, popote. Ukipita karibu na watu wanaokula, hata usiowajua, sema "provecho". Mkubwa akikuita usimjibu "¿qué?", jibu "mande". Kwenye microbus nauli ya abiria wa nyuma inapita mkononi mwako kwenda kwa dereva, na chenji inarudi njia hiyohiyo. Usiigandie, usiulize ni ya nani, pitisha. Kushuka ni "¡bajan!", sawasawa na "shusha!" ya daladala.

Kwenye tianguis, soko la mtaani, mwuza nyanya atakuita "güerita", yaani kamzungu keupe. Ndiyo, wewe. Usigeuke nyuma kumtafuta mzungu. Ni kama Kariakoo unavyoitwa "bosi" na huna hata nauli ya kurudi. Ukiulizwa mara ya kumi kwa wiki kama umetoka Cuba au Haiti, jibu kwa upole. Ila anayekwambia Mexico haina watu weusi, huyo usimwachie. Sensa ya 2020 iliwahesabu zaidi ya 2,500,000 waliojitambua kuwa Waafromexico, na Katiba iliwatambua 2019, baada ya karne nyingi za kuishi hapahapa. Mimi nilishuka Cuajinicuilapa, kule pwani ya Costa Chica, jimbo la Guerrero, nikijiona mgeni mwenye habari za mbali. Bibi mmoja muuza samaki akanitazama usoni, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani pale mtaani.

4. Sauti. Jiji hili la Mexico utalijua kwa masikio kabla ya ramani. Anayepiga kelele "el gaaas" kama anadaiwa ni mtu wa mitungi. Kifilimbi cha matundu mengi ni mnoa visu. Sauti ya kasichana iliyorekodiwa, inayotaja magodoro, friji, majiko na mashine za kufulia, ni gari la chuma chakavu. Ndiyo, mtalala nayo na kuiota. Na ule mlio wa usiku, kama meli inayozama, ni mvuke wa mkokoteni wa camote, viazi vitamu na ndizi za kuoka. Wiki yangu ya kwanza niliusikia nikatoka mbio barabarani na kanga kifuani na pasi kwapani, najua ni tetemeko. Muuza viazi hakuuliza kitu. Alinikatia kimoja, akakimwagia maziwa mazito ya kopo, nikala palepale.

Alerta sísmica yenyewe, king'ora cha tetemeko, haina mfano, na mtaisikia kwenye zoezi la Septemba 19. Nasikia mnapanga kulikwepa. Tarehe hiyo ndiyo ya tetemeko la 1985, ndiyo ya 2017. Mwaka 2022 nikiwa sijamaliza hata mwezi wa pili nilishuka kwenye zoezi saa sita na dakika 19 mchana, na kikombe changu cha chai, nikapanda tena nacheka. Saa saba na dakika tano nilishuka mara ya pili bila kikombe na bila viatu. Kitovu kiko mbali, Michoacán, lakini jiji limekaa juu ya tope la ziwa la zamani, na tope likitikiswa linacheza kama uji. Kwa hiyo mshuke, na viatu viwe mlangoni.

5. Jikoni. Unga wa tortilla umepitia kwenye chokaa, msisonge ugali nao. Nimeshaonja wa watu watatu, wote una harufu ya ukuta mpya. Semolina ya ngano inasogea karibu na ugali. Maharage hayaivi kwa muda wa Dar, tuko mita 2,240 juu ya bahari na maji yanachemka kabla hayajapata moto wa maana, kwa hiyo tafuta sufuria ya presha. Na "no pica", yaani haiwashi, ni neno la mtu aliyelambishwa salsa kabla hajaota meno.

6. Kwako.

Nilikuwa nakula kila mchana kwenye fonda ya kona ya mtaa wetu. Mama ntilie hasa, ila huku supu inatangulia, na agua ya jamaica, rozela yetu ileile, haikauki kwenye jagi. Mwenyewe tulimwita Doña, basi.

Bibi yangu mzaa mama alifariki Tanga, Septemba 24, siku tano baada ya lile tetemeko. Nauli sikuwa nayo, na hata ningekuwa nayo, sisi tunazika siku hiyohiyo. Nilikwenda kwa Doña kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda. Kihispania changu kilikuwa cha kuagizia chakula tu. Nikasema "mi abuela", kitenzi kikanikwama. Doña akazima redio, akavuta kiti, akakaa mbele yangu mpaka nilipomaliza. Supu ile hakunidai.

Katikati ya Oktoba akaniomba picha ya bibi. Nikachapisha ile aliyojitanda kanga ya bluu, kakunja uso kwa sababu kamera hakuipenda. Doña akaiangalia sana, akasema tumefanana paji la uso. Kisha akasema, na maneno yenyewe ninayo kichwani mpaka leo: "El dos te esperamos en tu casa, mija, a las cinco."

Sasa nifuateni. "Tu casa" nililijua tangu somo la pili: nyumbani kwako. Mimi nimefiwa, watu wananiambia tarehe 2, saa kumi na moja jioni, nyumbani kwangu. Kuna fumbo gani hapo? Nikahesabu kwa vidole kuanzia Septemba 24, Novemba 2 inaangukia siku ya arobaini, kamili! Nikasema kumbe hawa watu wanajua arobaini. Nililia kwa kufurahi. Lile "te esperamos", tunakungoja wewe, lilikuwa limesimama katikati ya sentensi linanitazama, nikalipita kama sijaliona.

Nikaenda soko la La Merced na posho yangu ya Novemba, nikanunua hiyo sufuria. Mchele kilo nne, nyama, bizari nzima, karafuu, mdalasini. Viti vitano nikaazima kwa jirani. Nikatandika mkeka, nikavaa dera, nikajitanda. Saa kumi na moja ikafika. Saa kumi na mbili nikajifariji, "ahorita". Saa moja simu ikaita, namba ya fonda, na kwa hasira nikasema kama wameghairi wangenipigia mchana. Ikaita tena, na tena, nikaizima. Saa tatu nikapakua sahani moja, nikala nimesimama, viti vyote vitupu vinaniangalia.

Pilau ile niliila siku nne. Kwa Doña sikukanyaga wiki mbili, nilikuwa nazunguka mtaa wa nyuma ili nisionekane. Na kila aliyenisikiliza nilimwambia: hawa watu waongo, wanakualika kwa mdomo tu. Nawasikia mkiyasema maneno hayohayo kwenye grupu. Ndiyo maana nimeamka saa kumi na moja alfajiri kuandika haya.

Aliyenifumbua macho ni mwalimu wa Kihispania, wala hakujua. Alikuwa anafundisha lugha ya adabu, akasema Mmexico wa heshima hasemi "nyumbani kwangu", anasema "nyumbani kwako", akiwa na maana kwamba kwake ni kwako. Anaweza hata kusema jana alikuwa "en su casa de usted" anapaka rangi, na wewe hujui rangi gani. Darasa likaangua kicheko. Mimi nikaomba ruhusa ya kwenda chooni, sikurudi.

Kinachoniuma zaidi si Kihispania. Mgeni akifika mlangoni kwetu tunamwambiaje? Karibu, jisikie uko kwako. Nimelisema neno hilo maisha yangu yote, na hakuna mgeni hata mmoja aliyewahi kurudi kesho yake na godoro.

Nilikwenda fonda jioni, wateja wameshatoka. Doña alikuwa anafuta meza. "¿Ya comiste?" Umeshakula? Hakuongeza neno. Akanikalisha, akaleta supu, na binti yake akanionyesha simu. Picha ya ofrenda yao ya tarehe 2, meza wanayowaandalia marehemu wao Siku ya Wafu: maua ya cempasúchil mpaka sakafuni, mishumaa, glasi ya maji, chumvi, mkate wa wafu. Wazazi wa Doña wapo, marehemu mumewe yupo, na katikati bibi yangu kakunja uso, bibi ambaye hakukosa swala tano, ubavuni kwake chupa ya mezcal, pombe kali, ya marehemu. Mbele yake waliweka kikombe cha maji ya moto. Kitupu, hakina majani. Hawakujua bibi anakunywa nini, wakasema mjukuu akija atasema. Karibu na meza kulikuwa na kiti ambacho hakukikalia mtu.

Doña akaniambia walimwongelesha wao wenyewe, kwa Kihispania, wakamwomba radhi kwamba mjukuu wake kakwama kwenye foleni.

Supu ile sikuimaliza. Picha alikuwa ameitia fremu, akataka kunirudishia, nikamwomba akae nayo. Iko kwake mpaka leo. Kila Novemba 2 nafika saa nane mchana, saa kumi na moja siingoji, na chai naichemsha mimi, na iliki.

7. Yaliyobaki haraka, maana kumekucha. Januari 6 ukimkuta kijisanamu cha mtoto kwenye kipande chako cha rosca, mkate wa duara wa sikukuu hiyo, usimfiche mdomoni. Umeshapata zamu ya kuwaletea watu tamales, donge za unga wa mahindi za kuvukizwa, za Februari 2, na wote wamekuona ulivyoacha kutafuna. Ukiombwa uwe madrina, yaani mdhamini, wa keki, umeombwa keki. Tanda ni upatu, ingia na watu unaojua wanapolala. Wasichana, mabehewa ya mbele ya metro ni yetu, tembeeni mpaka mwisho wa jukwaa. Maji ya bomba msinywe. Kuna la nane, la gereji na kofia, nitalisema siku nyingine, mwenyewe bado yupo humu kwenye grupu.

Na wewe wa Jumanne: sherehe ni kwake, ghorofa ya chini, pale penye geti la kijani unapolipia kodi kila mwezi. Wakisema saa tisa, wewe teremka saa kumi. Msalimie mmojammoja, hata ishirini, ukiingia na ukitoka. Sufuria njoo uichukue vilevile, upike pilau ushuke nayo. Mfuniko wake umepinda, uwekee jiwe juu. Jumatatu naitaka, na si ahorita.