Mama haongei baada ya kiharusi: kabla hujauza ng'ombe kwa ajili ya MRI

Mkuu, pole sana kwa kuuguza. Umeuliza kama uuze ng'ombe umpeleke mama Dar akapigwe MRI, yaani picha ya ubongo ya mashine ya sumaku, mjue kama ataongea tena. Nakujibu kwa yaliyotupata na baba hapa Tukuyu.

Baba alilegea mkono wa kulia na maneno yakakata siku hiyohiyo. Mara nyingi hivyo viwili huja pamoja: upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoendesha mkono wa kulia, na kwa watu wengi lugha nayo iko hukohuko. CT scan, picha ya ubongo ya mionzi, aliyopigwa Mbeya ilikuwa ya kujua kama mshipa umeziba au umepasuka, maana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inaweza kumuua aliyepasuka mshipa. Hiyo msiiruke. Lakini picha ya kutuhakikishia kama ataongea, daktari alisema wazi hana.

Watafiti wanayo MRI ya namna nyingine, inayofuatilia damu inavyokimbilia sehemu ya ubongo iliyo kazini wakati mgonjwa anasikiliza sentensi. Kule Freiburg, Ujerumani, waliwapima hivyo wagonjwa 14 mara tatu, wakachapisha matokeo 2006. Siku za mwanzo sehemu za lugha zilikuwa karibu zimezima. Kama wiki ya pili zikawaka kwa nguvu, hata upande wa kulia ukaingia kusaidia. Karibu mwaka ulipotimia, kazi ilikuwa imerudi zaidi kushoto. Niliposoma hayo niliacha kuuona ukimya wa wiki ya kwanza kama hukumu.

Kwetu ukimya huo ulivunjwa na wimbo. Mama yetu alikuwa anachambua mboga huku akiimba wimbo wa Kimoraviani, na baba, ambaye hata "maji" ilimshinda, akaufuata ubeti mzima kwa Kinyakyusa. Mama alidondosha sufuria. Kuimba wimbo wa tangu utotoni si sawa na kutunga sentensi, hilo tulielezwa, na baada ya wimbo alinyamaza tena. Siku kadhaa mbele ndipo likatoka neno lake mwenyewe: "Ndaga," yaani asante kwa Kinyakyusa.

Kwa hiyo hela ya ng'ombe iwe ya dawa za presha na nauli ya mazoezi. Mwongeleshe lugha ya nyumbani, na msimmalizie maneno. Sisi tulifanya kosa hilo mwezi mzima kwa huruma. Jioni mwekee kikombe cha uji na cha maji, umuulize anataka kipi, halafu ngoja. Kwetu uji ulikuwa unapoa, tunaupasha, tunauliza tena.