Re: Usukani unatetemeka nikishika breki kwenye spidi, nibadili diski?

Mkuu usikimbilie kununua, wengi tunasema diski imepinda kumbe pedi zimeacha utando usio sawa juu yake, hasa ukitoka kukimbiza gari halafu ukasimama na mguu umegandisha kwenye breki wakati diski bado za moto. Pima unene kwa maikromita sehemu kama nane hivi kuzunguka diski, ulinganishe na ile MIN TH (unene wa chini kabisa unaoruhusiwa) iliyogongwa kwenye diski yenyewe, ikishuka chini ya hapo ni kutupa tu hakuna mjadala. Diski za matundu angalia nyufa, ufa ukishafika ukingoni usiendeshe.

Ukibadili, badili za kushoto na kulia pamoja na pedi mpya. Na habu (pale diski inapokaa) isugue kutu mpaka ing'ae, hapa ndo mafundi wengi wanapoharibu, kutu kidogo tu inaifanya diski iyumbe na mtetemo unarudi baada ya muda. Mafuta ya kiwandani kwenye diski mpya yafute. Kisha zizoeshe diski na pedi mpya: toka spidi 100 km/h shika breki ushuke mpaka 20 kama mara nane bila kusimama kabisa, halafu tembea taratibu zipoe.