Mzee wa Faili Anajibu: Pesa za ngoma huombwa mwezi gani?

SWALI: Mzee, habari za kazi. Naongoza kikundi cha ngoma na maigizo hapa Busia, upande wetu wa Uganda. Wengi wetu ni vijana wa bodaboda na akina mama wa sokoni. Wenzetu ng'ambo ya mpaka wana kaunti, na kaunti ina watu wa utamaduni, wanaalikwa na kulipwa. Sisi tukienda wilayani tunaambiwa "hakuna fungu". Mwezi wa Juni tuliandika barua, mpaka leo kimya. Je, serikali ina wajibu wowote kwa sanaa, au tuendelee kuchangishana? Na kama ni kudai, tunaanzia mlango gani?
*Mpiga Ngoma, Busia*

JIBU: Mpiga Ngoma, barua ya Juni ilikuta sahani zimeshaoshwa. Mwaka wa fedha wa Uganda huanza tarehe 1 Julai. Hotuba ya bajeti mnayoisikiliza redioni mwezi wa Juni ni ya kutangaza yaliyokwisha kukatwa. Bunge linatakiwa liwe limepitisha bajeti kufikia tarehe 31 Mei, na baraza la wilaya vilevile. Wasanii wengi niliowaona katika miaka yangu ya kazi walikuja Juni na Julai, wamevaa vizuri, wakaambiwa maneno matamu, wakarudi nyumbani.

Mlango wa kwanza ni Oktoba na Novemba, wilaya inapoitisha mkutano wa bajeti. Ni mkutano wa wazi. Wanakuja wenyeviti wa LC 3 (baraza la gombolola, ngazi iliyo chini ya wilaya), viongozi wa dini, mashirika, wafanyabiashara. Wapiga ngoma nao huwa wapo, lakini nje, chini ya mwembe, wakisubiri kuwatumbuiza wageni wakati wa chakula. Safari hii watu wawili wenu waingie ndani, wakae kwenye viti, na mmoja ainue mkono.

Kuhusu kaunti za wenzetu, unayoyaona ni kweli. Katiba ya Kenya ya 2010 imeziandikia kaunti shughuli za utamaduni na burudani za umma kuwa kazi yake. (Usidhani huko pesa zinamwagika, waulize wenyewe wakuambie wanavyofuatilia malipo.) Kwetu sehemu kubwa ya fedha za wilaya hutoka hazina zikiwa zimeshawekewa alama: hizi mishahara ya walimu, hizi za zahanati, hizi za barabara. Diwani hata akipenda ngoma namna gani, hawezi kuzigusa. Zinazobaki huru ni mapato ya ndani, yaani ushuru wa soko, leseni, maegesho ya malori. Ni kidogo, na kila mtu ameyakodolea macho. Kwa hiyo ukiambiwa "hakuna fungu", mara nyingi si uongo. Uliza swali la pili: "Mwaka ujao litaandikwaje?"

Hapo ndipo vikundi vingi huanguka. Nimekaa kwenye meza ya kupitia maombi. Linafika ombi la kikundi, kurasa nane. Ukurasa wa kwanza historia tangu enzi za babu. Wa tatu picha ya wachezaji wamevaa manyoya. Wa sita aya ndefu kwamba utamaduni ni roho ya taifa. Wa nane: "Tunaomba mtusaidie." Afisa mipango anageuza karatasi, anatazama nyuma, hakuna kitu. Anauliza, "Shilingi ngapi? Za nini? Lini?" Tunatazamana. Dakika mbili hazijaisha tumeshahamia kwenye makalavati. Kalavati lina kipimo na bei, na kijiji linakokwenda kinajulikana.

Basi ombeni kitu kimoja chenye bei. Nikiwa nyinyi ningeanza na sikukuu za taifa. Tarehe 26 Januari, 8 Machi, 9 Juni na 9 Oktoba wilaya huhitaji ngoma. Kule nilikofanya kazi, malipo ya kikundi yalikuwa yamejificha ndani ya mstari mmoja na mahema, spika na soda. Spika ilikodiwa kwa risiti, mpiga ngoma akapewa soda. Mkidai malipo ya vikundi yatolewe humo yawe mstari wake, yenye kiwango kinachojulikana, hamjaomba pesa mpya, mmeomba zilizopo zigawanywe kwa haki. Diwani anaweza kuitetea hoja hiyo bila jasho.

Jambo la pili halina gharama kubwa: ukumbi. Ombeni baraza la gombolola lipitishe azimio kwamba vikundi vilivyosajiliwa vitumie ukumbi bure jioni fulani za wiki. Azimio hudumu kuliko ahadi ya mtu, kwa sababu mwenyekiti akibadilika, karatasi inabaki kwenye faili.

Kabla ya yote hayo, hakikisheni cheti cha usajili kutoka idara ya maendeleo ya jamii hakijapitwa na wakati, na akaunti ya benki ina watia saini zaidi ya mmoja. Afisa wa maendeleo ya jamii ndiye mtu wenu. Mara nyingi ndiye pia anayeshughulikia watoto, wazee, wanawake na migogoro ya kazi, kwa hiyo mkimkuta amechoka msimkasirikie. Mwandikieni rasimu, arekebishe tu.

Umeuliza kama serikali ina wajibu. Inao. Katiba ya 1995 katika ibara ya 37 inampa kila mtu haki ya kufurahia na kuendeleza utamaduni wake. Sera ya utamaduni tunayo tangu 2006. Na kuna sheria ya 1959 iliyoanzisha Kituo cha Taifa cha Utamaduni, ikakipa kazi ya kuanzisha majumba ya maonyesho na vituo vya utamaduni nchini. Haikusema Kampala peke yake. National Theatre ilifunguliwa mwaka huohuo wa 1959, Nommo Gallery, jumba la maonyesho ya sanaa, ikafuata 1964, zote mbili Kampala. Hilo ni la kulipeleka Bungeni, kwenye Kamati ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, kwa maana kituo hicho kiko chini ya wizara hiyo. Wizara hutakiwa kuwasilisha taarifa zake za sera na matumizi kufikia tarehe 15 Machi, kisha kamati inazichambua. Fikeni wiki hizo. Mbunge wenu anaweza kuwasilisha ombi lenu rasmi, na likibeba saini za vikundi vya Tororo, Bugiri na Namayingo litasomwa tofauti na likibeba saini zenu peke yenu.

Mtu akiwaambia ngoma hazifi hata bila senti ya serikali, mtajieni bigwala. Matarumbeta yale ya vibuyu ya Busoga yaliingizwa na UNESCO mwaka 2012 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Muziki wa kinanda cha nyuzi cha Wama'di ukafuata 2016. Orodha hiyo haiingii mtu kwa sifa, unaingia ukiwa hatarini.

SWALI: Mzee, ushirika wetu wa wasanii umepata mtaji wa Emyooga, ule mpango wa serikali wa kuvipa mtaji vyama vya akiba na mikopo vya watu wa kazi moja. Mwenyekiti anasema hizo ndizo pesa za sanaa, tusiombe tena. Ni kweli?
*Mwigizaji, Mbale*

JIBU: Si kweli. Wasanii wa jukwaani wamo katika makundi 18 ya Emyooga, na ushirika hupewa mtaji wa kuanzia wa shilingi milioni 30. Lakini mwanachama anakopa na anarudisha. Ukikopa ukafuga kuku, kuku watataga. Ukikopa ukaandaa mchezo wa kuigiza kuhusu mashamba yanayonyang'anywa wajane na kuwaonyesha wanakijiji bure, utarudisha na nini? Kazi ya namna hiyo ndiyo inayohitaji fedha za umma. Chukueni mkopo kwa biashara, na kule wilayani endeleeni kuomba.

SWALI: Mheshimiwa wetu ametuahidi ngoma mpya na sare zenye picha yake. Wenzangu wamefurahi, mimi moyo unasita. Nishauri.
*Mama Ngoma, Tororo*

JIBU: Mama, ngoma pokeeni, zina kazi. Sare zenye picha mkataeni kwa adabu: mwambieni kikundi kina wanachama wa vyama vyote, na shule hazitawaalika mkiwa mmevaa sura yake. Kisha, akiwa bado anatabasamu, mwombeni jambo ambalo halimtoi shilingi mfukoni: asimame kwenye baraza la wilaya au Bungeni aulize vikundi vya sanaa vimetengewa kiasi gani mwaka huu. Ombeni nakala ya jibu. Likija, nitumieni na mimi niliweke hapa.