Je, Wesley aliliasi Kanisa la Anglikana?

Mkuu, umeuliza kama John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, alijitenga na Waanglikana (Kanisa la Uingereza) kama Martin Luther, mwanamageuzi Mjerumani, alivyojitenga na Kanisa Katoliki la Roma. Hapana, alifariki 1791 akiwa bado kasisi wa Anglikana. Luther anaingia kwa mlango mwingine: jioni ya 24 Mei 1738, Aldersgate, London, Wesley alikwenda kwenye kikao cha ibada shingo upande, akasikia ukisomwa utangulizi wa Luther kwa Waraka kwa Warumi, moyo ukamchemka.

Nyufa zilionekana 1784, alipowawekea mikono (kuwaweka wakfu) wahudumu wa kwenda Marekani ilhali yeye si askofu, na kwa Waanglikana hiyo ni kazi ya askofu. Mdogo wake Charles alichukia kweli! Hata hivyo, zile Ibara 39 za Kianglikana, yaani vifungu vya imani ya kanisa hilo, alizipunguza tu hadi 24. Ya 17, ya kwamba Mungu huchagua tangu awali watakaookoka, aliitupa. Mafundisho hayo ya John Calvin, mwanamageuzi mwingine wa kanisa, hayakumwingia kabisa.