Milioni 14 za alizeti: hatifungani, kiwanja, au nilipe deni?

Swali: Mshauri, habari za kazi. Nafanya biashara ya nafaka na alizeti hapa Kibaigwa. Nimemaliza kuuza mzigo wa msimu huu, mkononi nina shilingi milioni 14. Mume wangu, ambaye ni mwalimu, anataka zote tuziweke kwenye hatifungani ya serikali ya miaka 25. Wifi yangu wa Dodoma mjini amenitafutia kiwanja Nala cha milioni 9, anasema nikichelewa bei itapanda. Nina deni la milioni 1.5 kwa mkopeshaji wa mtaani, asilimia 20 kwa mwezi. Nilikopa Mei ninunue mzigo maana hela yangu yote ilikuwa imeishia kwenye nyumba tuliyoifikisha lenta. Tangu hapo nalipa riba tu. Januari mtoto anaanza kidato cha kwanza. Je, hatifungani ni salama? Na nikiihitaji hela kabla ya miaka 25 kufika, naipataje?

Jibu: Dada, umeuliza kuhusu hatifungani, lakini mimi naanza na hilo deni uliloligusa kwa kupita.

Asilimia 20 ya milioni 1.5 ni shilingi 300,000 kila mwezi. Tuseme hatifungani, yaani mkopo unaoipa serikali, inalipa asilimia 12 kwa mwaka. Ukiweka zote 14, kwa mwaka mzima utapata 1,680,000. Deni lako kwa mwaka huohuo litakula 3,600,000. Yaani serikali inakujazia ndoo kwa kikombe huku mkopeshaji anaimwaga kwa sufuria. Watu hawakuiita mikopo hii kausha damu kwa utani. Kalipe wiki hii, deni lenyewe na riba ya mwezi, jumla 1,800,000, udai maandishi kwamba deni limekwisha, na urudishiwe chochote ulichoweka rehani. Zinabaki milioni 12.2.

Sasa hatifungani. Ndiyo, ni salama kwa maana moja: unayemdai ni serikali, na inalipa riba mara mbili kwa mwaka moja kwa moja kwenye akaunti yako ya benki. Zipo za kuanzia miaka 2 hadi 25, kwa hiyo mwalimu asidhani ni ya 25 tu. Unafungua akaunti ya CDS, yaani ya kutunzia hatifungani na hisa kielektroniki, kupitia benki yako au dalali aliyesajiliwa wa Soko la Hisa la Dar es Salaam, kisha unajaza zabuni kabla ya mnada wa Benki Kuu. Kima cha chini ni milioni moja. Wewe ingia kwenye zabuni isiyo ya ushindani: hutaji bei, unakubali bei ya wastani itakayopatikana mnadani. Inaweza kuwa chini ya shilingi 100 kwa kila 100 ya hatifungani, au juu yake, hivyo usishangae ukilipa pungufu au zaidi ya ulichoandika.

Swali lako la pili ndilo zito. Hatifungani haivunjwi kama kibubu. Ukitaka hela kabla ya muda, unamtafuta mnunuzi sokoni kupitia dalali, na mnunuzi ndiye anayepanga bei kwa kutazama riba za siku hiyo. Chukua mfano. Umenunua ya miaka 25 yenye kuponi, yaani riba iliyopangwa ya kila mwaka, ya asilimia 12. Mwakani mpya zinatoka kwa 14. Nani atakupa 100 kwa yako? Atakupa karibu 86. Kwenye milioni 3, umepoteza zaidi ya laki 4 kwa sababu tu ulikuwa na haraka. Ingekuwa ya miaka 2 ungepata karibu 98, maana muda uliobaki ni mfupi. Kadiri miaka inavyokuwa mingi, ndivyo bei inavyoyumba.

Inayumba kwenda juu pia. Mwaka 2021 serikali ilitoa ya miaka 25 kwa kuponi ya 15.95, na mwaka uliofuata ikaishusha hadi 12.56. Waliokamata zile za mwanzo wamekaa juu ya mali. Ila wamekula vizuri waliokuwa na uwezo wa kukaa nazo, au kuuza kwa hiari yao. Aliyelazimika kuuza hapangi bei, na wewe hilo unalijua kuliko mimi: ndiyo sababu mkulima anayedaiwa anauza alizeti shambani kwa lumbesa, na anayekuja na gari kumnunulia ndiye anachuma faida.

Hebu itazame Mei yako. Hukukopa kwa kukosa mali. Mali ilikuwa imesimama kwenye kuta, na ukuta haununui gunia. Ukitia milioni 14 kwenye karatasi ya miaka 25, Mei ijayo utarudi kwa mkopeshaji yuleyule, safari hii ukiwa na cheti kizuri kabatini.

Kwa hiyo nazigawa kwa tarehe zitakapohitajika. Januari ya shule, sare, godoro na chakula cha nyumbani, tuseme 1.4, ikae kwenye akaunti ya kawaida. Mtaji wa mzigo, nakadiria milioni 6, uutakao Mei, uweke amana ya muda maalumu ya miezi sita benki, au Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Kwenye amana riba unaijua mapema, lakini hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, na ukiivunja kabla ya muda riba huliwa. Kwenye Ukwasi unanunua vipande, yaani sehemu yako ndani ya mfuko, faida haina ahadi, ila ukitaka fedha unalipwa ndani ya siku chache za kazi. Kwa mfanyabiashara wa Kibaigwa mimi naegemea Ukwasi, maana mzigo mzuri hausubiri tarehe. Ukichagua benki, jua pia kwamba ikifungwa, Bodi ya Bima ya Amana hukulipa hadi shilingi 7,500,000. Milioni 6 zimo ndani ya kinga hiyo.

Zinabaki 4.8. Weka 1.8 hukohuko Ukwasi kwa ajili ya ugonjwa, msiba au gari kuharibika njiani. Milioni 3 mpe mwalimu anunulie hatifungani yake, na kama anaipenda ya 25 basi iwe ya 25, kwa sababu hizo ndizo msizozihitaji. Riba yake, kwa mfano wetu wa asilimia 12, ni laki 1.8 kila miezi sita.

Wifi yako usimkasirishe, lakini usimpe hata kishika uchumba bado. Tangu treni ya mwendokasi ifike Dodoma 2024, kila dalali ana kiwanja ambacho kesho kinapanda. Omba nakala ya hati na namba ya kiwanja, kafanyeni upekuzi ofisi ya ardhi kuona jina la mwenye mali, kama kina rehani au zuio, na kama kodi ya pango la ardhi imelipwa. Muuzaji akikasirika kwa kuombwa hati, jibu umeshalipata. Akitoa, na kila kitu kikawa safi, bado kwa mwaka huu siyo chako: milioni 9 zinameza mtaji wote.

Na ile nyumba ya lenta iacheni kwanza. Funikeni tu vichwa vya kuta kwa mabati chakavu kabla mvua za Desemba hazijaingia kwenye tofali.